Mwenyewe Hatajwi

Kila nikisikia mtu akisema kwamba Mlima Nkwale haukuwa na mwenyewe, damu inanichemka, na inanichemka mara mbili kwa sababu maneno hayo ni yangu. Niliyaandika kwa mkono wangu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, cheti nimekifunga kwenye nailoni kisilowe, na kichwa kimejaa majivuno. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba karatasi ile ilishaliwa na mchwa. Mwezi uliopita Shija alinipigia simu hapa Majengo, Mpanda, saa sita mchana, wali ukiwa jikoni. Shija ni Msukuma aliyehamia kijijini kwetu na ng'ombe wake nikiwa msichana. Sasa ni mzee, na kwa kawaida salamu zake peke yake humaliza salio kabla hajafika kwenye shida. Siku hiyo hakunisalimia. "Mwalimu," alisema, "sasa wanataka kupasua mawe hata upande wa chemchemi. Tumewakatalia, wametoa karatasi ya zamani, wanasema imeandikwa mlima hauna mwenyewe. Mwandiko mzuri sana, bhana. Nimeujua." Nikamuuliza anaujuaje. Akanijibu kwamba nilimwandikia barua tatu za kwenda kwa ndugu zake Shinyanga, na herufi yangu ya 'm' ina mkia. Kisha akakata simu. Wali uliungua mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Nimekasirika tangu siku ile, na umri huu hasira haikai vizuri mwilini, inashuka magotini. Nimewakasirikia wenye mitambo, ambao hata jina la mlima hawalijui, wanauita "site". Nimewakasirikia waliowapa kibali bila kufika kuuangalia. Lakini nisiwe mnafiki. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa sketi ya shule niliyoikata nikaigeuza ya kazi. Kwa hiyo nitausimulia mwaka ule kama ulivyokuwa. Habari za wazazi wangu nitaziacha, maana mwaka ule sikuwa nao. Nilikaa na Bibi Tekla, mama yake mama yangu, na kosa ninalolisimulia ni la kwangu mimi na yeye.

Nkwale si mlima mrefu. Mtu akitoka Kibaoni kwa miguu, baada ya saa mbili za mashamba ya mahindi na majaruba ya mpunga, anauona umekaa peke yake kwenye tambarare, kichwa cha mawe na mabega ya msitu, na kama ana haraka zake anaweza kuupita bila kuuliza. Sisi tuliozaliwa chini yake tuliujua upande kwa upande. Upande wa mashariki ilitoka chemchemi ambayo haikukauka hata miaka ya ukame. Katikati kulikuwa na mininga minene ambayo watu wawili wakishikana mikono hawaizunguki, kwa kuwa shoka halikuruhusiwa kufika. Juu zaidi kulikuwa na kuta za mawe zilizoanguka, mahali ambapo watu wa zamani walijificha na watoto wao wakati wa vita, na chini ya kuta hizo matanuru ya udongo ambamo wahunzi waliyeyusha chuma kabla hatujajua jembe la dukani. Tukiwa watoto tuliokota mavi ya chuma, mazito na meusi, tukachezea bao. Kileleni kabisa kulikuwa na nguzo fupi ya saruji iliyowekwa na wapimaji wa enzi za Mwingereza, nasi tuliiita kisiki cha Mzungu. Na mahali fulani kati ya kisiki hicho na kuta zile alilala mtu. Alikuwa mtawala wetu wa zamani sana, na mlima ulikuwa wake. Jina lake lilijulikana kwa mtu mmoja tu katika kila kizazi, naye alikuwa ndiye mtunzaji. Mwaka ule mtunzaji alikuwa Bibi Tekla, ambaye Jumapili alikwenda misa na rozari shingoni, na mvua zikichelewa alipanda Nkwale na unga wa ulezi kwenye kibuyu. Hakuona tatizo. Padri naye hakuwahi kumuuliza.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Chumba tulicholala kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka wangu, mtungi wa maji pembeni, na juu ya dari mahindi ya mbegu yaliyopakwa moshi mpaka yakawa ya kahawia. Dirisha lilikuwa moja, dogo, nalo lilitazama upande usio na mlima. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kwamba mtu hawezi kuvua nguo mbele ya mkwe. Tulikula ugali na kambale mkavu wa Rukwa aliyeungwa kwa karanga, na masika tulikula uyoga ambao alinifundisha kuuchagua kwa harufu. Alikula polepole, akisema na chakula, na mimi nilikula kwa haraka nikiwaza maisha mengine. Niseme ukweli, nilikuwa naionea aibu nyumba ile. Nilitoka bweni lenye umeme, nikarudi kulala chini ya mahindi ya moshi, na kila asubuhi niliunusa moshi kwenye nywele zangu nikachukia. Leo ningetoa chochote niamke na harufu ile, lakini leo si hoja. Hoja ni kwamba siku zile niliichukia, na chuki ile ndiyo iliyoandika karatasi.

Mvua zilipokwisha akaja mpimaji. Alitumwa kupima mipaka ya vijiji, akaja na gari na vijana wawili wa kuvuta mnyororo wa kupimia, akafikia kwenye ghala la tumbaku la ushirika ambalo mwaka ule lilikuwa tupu. Watu walimwita Bwana Mpima. Alihitaji mtu anayejua Kiswahili cha kuandika na Kipimbwe cha kusema, na mwenyekiti wa kijiji akanitaja mimi kabla hajamaliza swali. Ghala lile bado nalinusa: tumbaku iliyokaa kwenye kuta, mafuta ya taa, ramani zilizotandazwa juu ya milango miwili iliyogeuzwa meza. Asubuhi nilikunywa nao chai ya maziwa ya kopo na mkate uliopakwa siagi, kitu ambacho tangu niondoke shule sikuwa nimekionja. Bwana Mpima alikuwa na tabia ya kunikatia kipande changu mwenyewe na kunisogezea, akisema, "Karibu, karani." Hakuna mtu aliyekuwa ameniita kitu kinachofanana na kazi. Nilitafuna mkate ule nikiwa nimenyoosha mgongo.

Siku ya kwanza ya kuzunguka mipaka alitaka kuonyeshwa kona ya magharibi, upande uliko mlima, na wazee watatu wakamwonyesha kwa kunyoosha ngumi, vidole vimekunjwa ndani. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Nkwale haunyooshewi kidole, ukisahau unang'ata kile kidole mpaka kiumie. Bwana Mpima aliangalia zile ngumi tatu hewani, akacheka mpaka akashika kofia. "Vipi wazee, nyie mnataka kupigana na mlima?" Vijana wa mnyororo walicheka. Nami nilicheka. Mzee mmoja alishusha ngumi yake taratibu, akaificha nyuma. Sikumtazama usoni. Kuanzia siku hiyo nilinyoosha kidole, wazi kabisa, kila mtu aone kwamba mimi nimesoma.

Wiki hiyo hiyo, nikiwa nyuma ya ghala nasuuza vikombe, niliwasikia ndani wakiongea. Kijana mmoja wa mnyororo aliuliza kama waandike yale mambo ya makaburi na matambiko. Bwana Mpima alimjibu kwa sauti ya mtu anayepiga miayo, "Hawa watu wanaabudu mawe, wewe. Ukianza kuandika kila jiwe lina babu yake, mwaka huu hatutoki hapa. Usipoteze wino." Kisha akaongeza, "Afadhali hata huyu binti, huyu ameshaelimika." Nilisimama na kikombe mkononi, maji yakinitiririkia miguuni. Mtu mwenye akili angeingia ndani akamwambia kwamba yale mawe yana historia ndefu kuliko ofisi iliyomtuma. Mimi nilifurahi. Nafikiri hakuna kitu katika maisha yangu kinachonitia hasira kama furaha ile, nikiwa na sabuni mikononi, kwa kusifiwa kwamba si mmoja wa hao watu.

Siku ya Bibi Tekla ilipofika, tulimkuta mlangoni pa jiko akipepeta karanga kwenye ungo. Bwana Mpima alipewa kigoda, magoti yakamfika kifuani, na mimi nikaketi kwenye kinu kilichogeuzwa, fomu mapajani. Shija naye alikuwepo, siku zile kijana mwenye mke mmoja na ng'ombe wengi, ameleta maziwa kwenye kibuyu kama alivyofanya kila wiki. Bibi Tekla alikijua Kiswahili, cha soko na cha kanisa, lakini mambo mazito aliyasema kwa Kipimbwe. Bwana Mpima akaniambia, "Muulize bibi, mlima ule ni wa nani. Nani mwenyewe?" Nikamuuliza. Hakuinua macho. Alirusha karanga juu, akapuliza maganda, akajibu kwa Kipimbwe maneno ambayo kwa Kiswahili kilichonyooka ni haya: mwenyewe hatajwi.

Kabla sijafungua mdomo Shija alidakia. "Bwana mkubwa, mimi nilipofika na ng'ombe nilielekezwa kwa huyu mayu, huyu mama yetu. Nilileta kuku mweupe, akanionyesha mwisho wa kulisha ni wapi. Mlima ule una wenyewe, bhana."

"Wewe umekuja juzi na ng'ombe wako unanifundisha historia?" Bwana Mpima alimwambia bila hata kugeuka. "Karani, bibi anasemaje?"

Nakumbuka vizuri muda ule ulivyokuwa mfupi. Niliona kwamba nikisema hatajwi ataniuliza kwa nini, na nikianza kueleza kwa nini itabidi nimtaje marehemu wa mlimani, na unga wa ulezi, na dirisha linalogeuzia mlima mgongo, na ngumi. Niliwaona vijana wa mnyororo wakitazamana tayari. Nikasema, "Anasema hauna mwenyewe."

"Na matumizi?"

Nikamuuliza bibi wanautumia mlima kwa kazi gani. Safari hii aliinua uso, na uso ulikuwa na fahari. "Pale hatufanyi kitu," alisema. Alimaanisha kwamba tangu mababu hakuna aliyepeleka shoka, jembe wala moto, na kwamba kutofanya kitu ndiyo kazi yenyewe, na ni kazi ngumu, kila kizazi kinaifanya upya njaa ikibisha hodi. Mimi nilitafsiri neno kwa neno: "Hawafanyi kitu pale." Halikuwa uongo. Ndiyo maana nalichukia kuliko lile la kwanza. "Basi andika," Bwana Mpima akasema akijinyoosha kutoka kwenye kigoda, "mmiliki hakuna, matumizi hakuna." Nikaandika hakuna mbili, moja juu ya nyingine, na kila 'h' ikiwa imesimama wima.

Shija alinifuata njiani nilipokwenda kuchota maji jioni. Alikuwa na fimbo yake begani, mikono imening'inizwa juu yake. "Binti, umeandika nini kule?" Nikamwambia hayamhusu. "Nyie Wapimbwe mna shida," akasema, "mkiulizwa kilicho chenu mnaona haya kukitaja. Mficha uchi hazai. Sisi kwetu mtu akiuliza ng'ombe huyu wa nani, unamjibu kabla hajafunga mdomo." Nikamwambia kwamba ndiyo maana kila siku wana kesi za ng'ombe. Alicheka, maana utani ulikuwa sawa, lakini hakuondoka. "Mwambie mayu ukweli," alisema. "Hiyo karatasi inaweza kurekebishwa. Bado haijaondoka."

Bado haikuwa imeondoka. Hilo ndilo ninalowataka watu walielewe, hasa wanaoniambia siku hizi kwamba nilikuwa mtoto. Karatasi ilikaa ghalani wiki tatu. Kisha fomu zote ziligongwa taipu, zikarudi na fomu zangu za mkono zikiwa zimebanwa nyuma, na kila mhusika alitakiwa asomewe na kutia dole gumba kwenye ile ya mkono. Mwenye pingamizi aseme kabla gari halijaondoka. Nilipewa za mtaa wetu nizipeleke mwenyewe, pamoja na kibati cha wino. Bibi Tekla alinikaribisha chumbani, tukaketi kitandani, kamba zikalia. Alifuta kidole gumba kwa khanga kama anayejiandaa kupokea komunyo. "Imesemaje?" aliniuliza.

Mlangoni kulikuwa na kuku mwenye vifaranga akichakura. Nilimtazama kuku. "Imesema ulivyosema," nilijibu.

"Kwamba mwenyewe yupo, ila hatajwi?"

"Ndiyo, bibi."

Akanipa kidole. Nilikishika mimi, nikakikandamiza kwenye wino, nikakikandamiza kwenye karatasi, pembeni kidogo ya neno hakuna. Kidole chake kilikuwa kigumu na kikavu, kimechanika kwa miaka ya jembe, na alama ilitoka na mistari myeupe iliyokatiza katikati. Aliiangalia kwa kuridhika. Nilikuwa nimeshaambiwa na Bwana Mpima kwamba atanipa barua ya kunitambulisha kwenye chuo cha ualimu, na niliogopa kwamba nikirudi ghalani kusema nilitafsiri vibaya, barua hiyo itayeyuka na mkate wake. Hiyo ndiyo bei niliyouzia. Nimefundisha watoto miaka zaidi ya thelathini kwa ualimu ule, nimewachapa kwa kusema uongo.

Ningeweza kuishi na dole gumba. Kilichonimaliza kilikuja wiki iliyofuata, alasiri, mvua ya nje ya msimu ikipiga bati mpaka tukawa tunasikilizana kwa shida. Nilikuwa nafungasha sanduku. Bibi Tekla alifunga mlango, akakaa akilipa dirisha uso, yaani akiupa mlima mgongo, akanivuta sikio mpaka mdomoni mwake. "Wewe ndiye uliyeandika," alisema, "basi ujue ulichoandika." Akanitajia jina. Alinitajia mara moja tu, kwa pumzi zaidi kuliko sauti, akaniambia kwamba halisemwi mlima ukiwa unakuona, na kwamba siku moja nitachagua wa kumpa. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Mdomo wangu ulikuwa karibu na shavu lake, hakuna aliyetusikia, mvua ilikuwa inafunika kila kitu. Nikanyamaza. Alinipa mlima wote kwa uongo wangu, naye akafungua mlango, akaenda kuangalia kama uyoga umeota.

Nimemkasirikia na yeye, nisifiche. Kuna siku nyingi nilipokuwa kijana darasani, chaki mkononi, nilimgombeza kichwani mwangu: kwa nini usiseme tu ni wangu? Neno moja la Kiswahili, na ulilijua, ulilitumia kila siku sokoni, kuku wangu, ungo wangu. Likizo ya kwanza nilimuuliza hivyo kwa kuzungukazunguka, nikijifanya nauliza mambo ya mila kwa ajili ya somo. Alinishangaa. "Niseme wangu, halafu yeye anisikie?" Alisema hivyo huku akipekecha mlenda, akacheka kidogo, akaniuliza kama chuoni tunapewa dagaa. Alifariki mwaka wangu wa pili, nikiwa kwenye mafunzo ya kufundisha mbali na nyumbani, na nilipofika walikuwa wameshazika. Shija alinipokea stendi ya Kibaoni kwa baiskeli. Aliniambia kwamba siku za mwisho watu walimuuliza bibi jina la mwenye mlima amemwachia nani, akawajibu, "Ameondoka nalo mwandishi."

Basi juzi nilikwenda. Nilipanda gari hapa Mpanda asubuhi, na sehemu fulani za njia nilijua kwamba chini ya matairi kuna kokoto za Nkwale, zimepakwa lami, zimetulia. Abiria walikuwa wakisifu barabara. Nami nilikuwa juu yake pamoja nao. Kijijini walikuwa wamefunga turubai mbele ya ofisi, mlima ukiwa mbele yetu, nusu ya bega lake la kusini ikiwa imenyofolewa, nyeupe, inauma macho. Mininga ya upande huo hakuna. Kuta na matanuru ya upande huo hakuna. Mashine ya kusagia mawe ilikuwa inafanya kazi muda wote wa mkutano. Mwenyekiti alisema ameomba izimwe, akaambiwa mkataba hauruhusu kusimama. Kwa hiyo tulikuwa tunapiga kelele, wazee wa miaka themanini wanapiga kelele kusema jambo la heshima. Upande wa chemchemi ulikuwa umepigwa rangi nyekundu kwenye mawe, tayari kwa baruti ya Jumatatu.

Kijana aliyetumwa na ofisi ya ardhi alikuwa mpole, alinipa shikamoo, akanipa kiti, na upole wake ulinikera kwa sababu haukubadilisha chochote. Alitueleza kwa subira kwamba fomu ya pingamizi ipo, na ikipokelewa leo, upande wa chemchemi hautaguswa mpaka kesi isikilizwe. Lakini fomu inataka jina la mmiliki wa asili. Wanakijiji walikuwa wameshaandika "mizimu", wakaambiwa hapana. Wakaandika "wazee wetu", wakaambiwa hapana, jina. Fomu isiyo na jina mfumo hauipokei. Kisha akatoa ile karatasi ya zamani kwenye bahasha, akaiinua watu waione, na nikaiona 'm' yangu yenye mkia, na dole gumba la Bibi Tekla pembeni, limekuwa la kahawia.

Nilisimama. Nilisema mwandiko ule ni wangu, na kwamba bibi aliyetia dole alisema mwenyewe yupo, mimi ndiye niliyemgeuza, na kwamba nilimsomea uongo. Nilisema mara ya pili kwa sababu nyuma hawakusikia. Hakuna aliyenizomea. Mwanamke mmoja alishika tama tu. Shija, fimbo katikati ya magoti, alisema kwa sauti ya kukoroma, "Sasa jina, mwalimu. Jina unalo wewe peke yako. Sisi wote hatulijui, na Jumatatu wanapiga baruti."

Mlima ulikuwa unatuona sote. Niliulizwa jina, na nikalisema. Mashine ilinguruma, kijana akaweka mkono sikioni, "Samahani mama, rudia." Nikarudia. "Kwa nguvu kidogo, mama." Jina ambalo nilipewa kwa pumzi nililipigia kelele mbele ya turubai, kisha nikalitaja herufi kwa herufi kama ninavyowafanyia darasa la pili, na herufi ya tatu alikosea, nikamwambia afute. Mzee mmoja aliinuka, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga, na sikumlaumu. Hapa sitaliandika. Liko kwenye fomu moja tu, na huko lilikwenda kwa sababu nilishindwa kuandika maneno mawili yaliyokuwa na adabu yake.

"Asante sana mama," kijana alisema, akaishusha kalamu kwenye mstari wa chini yake. "Hapa kwenye matumizi naona pale hamlimi, hamchungi, hamkati kuni. Kwa hiyo niandike hakuna, si ndiyo?"

Nikamnyang'anya kalamu, nikaandika mwenyewe kwamba pale kutofanya kitu ndiyo kazi.